Tezi zako hazijachoka, mama (Sehemu ya 4)

Mama zangu, leo nitawaudhi wauza unga. Wakinisamehe sawa, wasiponisamehe sawa.

Kuna maneno yanazunguka kwenye magrupu yetu: "Unachoka tangu ujifungue? Tezi zako za adrenali zimechoka, nunua kopo hili." Nasema wazi: ugonjwa huo haupo. Madaktari bingwa wa homoni hawautambui.

Adrenali ni tezi mbili ndogo, zimekaa juu ya figo. Zinatoa kotisoli, adrenalini na aldosteroni, zinazosaidia mwili kuhimili misukosuko na kutunza presha na chumvi. Muuzaji anakwambia shida zikizidi, tezi zinaisha chaji kama simu.

Haya, twende Peru. Mji wa Cerro de Pasco uko zaidi ya mita 4,300 juu ya usawa wa bahari. Oksijeni unayopata kwa pumzi moja kule ni kama asilimia 60 tu ya ile ya pwani. Mgeni akifika, kotisoli yake hupanda siku za mwanzo, kisha hushuka akizoea. Na wenyeji je? Watafiti wa Lima waliwapima miaka ya 1960: kotisoli yao iko karibu sawa na ya watu wa pwani. Vizazi na vizazi, hewa haba usiku na mchana, wanabeba mimba, wananyonyesha, na tezi zinapiga kazi. Sasa wewe miezi sita ya kuamka usiku ndiyo imezimaliza zako? Acheni hizo!

Sisemi uchovu wako ni uongo. Uchovu ni wa kweli, uongo ni jina walilokupa. Juzi alikuja mama, kanywa unga miezi mitatu. Tukampima damu: 7. Miezi mitatu alikuwa anahitaji matibabu ya damu, si kopo.

Tezi hizi huugua kweli, unaitwa ugonjwa wa Addison: unakonda, ngozi inakuwa nyeusi zaidi, presha inashuka, unatamani chumvi. Huo hupimwa na kutibiwa hospitali. Na baadhi ya unga wa aina hii umewahi kukutwa na steroidi zisizoandikwa kwenye kopo. Kama umeshaanza kunywa, usione aibu, beba kopo uje nalo kliniki.

Pima damu, presha, sukari na tezi ya shingo. Kama unalia bila sababu, sema pia, hilo nalo lina tiba.

Kesho Sehemu ya 5: vidonge vya damu. Mtumie na shoga yako.