Dari si anasa

Wengine wakisikia neno dari wanawaza panya na magunia ya mkaa. Sisi wakimbizi tuliopanga Buyenzi, hapa Bujumbura, tunawaza mahali pa kulaza watoto.

Wabelgiji waliupima mtaa huu kwa avenyu zenye namba. Leo kiwanja kimoja kina familia tatu, nne, na choo kimoja. Kijana akibalehe alale wapi, na dada zake wamo chumba hichohicho? Tukitaka kunyanyua ukuta kidogo na kutandika mbao chini ya mabati, tunadaiwa ruhusa ya ujenzi, na ruhusa nayo inadai hati ya kiwanja. Jamani, mpangaji mkimbizi ana hati gani?

Halafu ninyi ndugu zetu wa misaada mnatuletea mita za mraba 3.5 kwa kila mtu. Kitabu chenu cha Sphere kinasema hicho ni kiwango cha chini kabisa. Mbona kambini kimekuwa ndio mwisho? Sakafu mmeigeuza dari!

Sitetei ujenzi ovyo. Chini ya bati saa saba mchana mtu anaiva kama muhogo, na ngazi mbovu inaua. Ndiyo maana tunataka sheria ya kueleweka: kimo, dirisha la kupitisha hewa, njia ya pili ya kutokea moto ukiwaka, fundi akague nguzo. Iandikwe kwa Kiswahili na Kirundi, ibandikwe ukutani. Mkisema "hapana" tu, watu wanapandisha mbao usiku, bila fundi.

Na fomu isidai hati ya kiwanja. Saini ya mwenye nyumba itoshe.