Bahati Haikuwamo Kwenye Kaseti

Mdogo wangu aliwahi kuwasha na kuzima gemu moja kwa majuma matano. Yaani hivyo hivyo nilivyoandika: kuwasha, kusogea mbele ya joka, kubonyeza A, kutazama rangi, kuzima, kuwasha tena. Gemu ilikuwa Pokémon Emerald, joka alikuwa Rayquaza anayelala juu kabisa ya Sky Pillar, na rangi aliyoisubiri ilikuwa nyeusi. Rayquaza wa kawaida ni wa kijani. Mweusi ndiye wachezaji wanayemwita shaini, na katika gemu za enzi hizo uwezekano wa kukutana naye ni mara 1 katika mara 8,192. Kila alipokosa, mdogo wangu alichora mstari nyuma ya daftari la hesabu. Siku nilipolifungua daftari lile, mistari ilikuwa imepita elfu mbili.

Wapenzi wa gemu za zamani wakisikia kisa hiki hadi hapa hutabasamu. Hiyo ndiyo Pokémon, husema, mvumilivu hula mbivu. Nikiendelea kueleza jinsi nilivyomkamata yule joka mweusi kwa usiku mmoja, kwa kupiga hesabu, nyuso hubadilika. Umechakachua. Rafiki yangu mmoja aliniambia, "Hukumkamata, ulimwiba."

Namjibu hapa, yeye na wote wanaofikiri kama yeye. Kuhusu mashine wamekosea. Na kosa nililolifanya kweli usiku ule, hata hawajaliona.

Ndani ya kaseti ya Emerald hakuna dadu. Kuna hesabu moja ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya kwa kalamu, akiwa na subira ya kuzidisha namba ndefu. Chukua namba. Izidishe kwa 1,103,515,245. Jumlisha 24,691. Gawanya kwa 4,294,967,296, ulitupe jibu, ubaki na baki. Hilo baki ndilo namba yako mpya, nalo utalifanyia yale yale. Game Boy Advance hufanya hivyo karibu mara 60 kwa sekunde, mara moja kwa kila fremu, yaani kila picha inayopita kwenye kioo, iwe unacheza au umeiweka mezani ukaenda kunywa chai. Namba zinazotoka zinaonekana zimevurugika, lakini kila moja imezaliwa na iliyotangulia. Ni foleni tu, na inachukua zaidi ya siku 830 kabla ya kurudi ilipoanzia.

Njia ya aina hii si ngeni. Mwanahisabati Mmarekani Derrick Lehmer aliipendekeza mwaka 1949. Miaka miwili baadaye John von Neumann alitania kwamba anayedai kuzalisha namba za bahati kwa hesabu yuko katika hali ya dhambi. Walijua wanachokifanya. Sisi wachezaji ndio tuliokuja kuiamini dhambi ile kana kwamba ni majaliwa.

Unapobonyeza A mbele ya Rayquaza, gemu inachukua namba mbili kutoka kwenye foleni na kumtengenezea joka kitambulisho. Namba mbili zinazofuata zinampa nguvu zake. Kisha kitambulisho kinalinganishwa na namba mbili za mchezaji mwenyewe: moja imeandikwa kwenye kadi yake, nyingine imefichwa. Katika matokeo 65,536 ya ulinganisho huo, 8 yanamfanya joka awe shaini. Ndiyo hiyo 1 kwa 8,192. Hakuna mtu aliyeamua kukupa wala kukunyima.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu hapa ndipo habari ya uvumilivu inapovunjika. Gemu zilizotangulia, Ruby na Sapphire za mwaka 2002, zilisoma saa iliyomo ndani ya kaseti ili kupata namba ya kuanzia foleni. Emerald, iliyotoka Japani mwaka 2004, haiisomi. Kila ukiiwasha inaanza na sifuri. Kila mara. Foleni ni ile ile, kwa mpangilio ule ule, leo na kesho na mwaka jana.

Nilimkalia mdogo wangu na saa mkononi bila yeye kujua. Tangu kuwasha hadi kubonyeza A alitumia kati ya sekunde 14 na 24. Alikuwa mwepesi, na wepesi huo aliuonea fahari. Sekunde 10 ni fremu kama 600. Uwezekano wa kuwapo shaini hata mmoja ndani ya fremu 600 ni kama 7 kwa 100, na kwa namba zake yeye, hakuwamo hata mmoja. Mistari ile elfu mbili haikuwa majoka elfu mbili. Ilikuwa majoka wale wale mia chache, wanakuja na kurudi kama daladala za ruti moja. Angeendelea hadi ndevu zimuote. Na nakumbuka aliwahi kuniambia, "Kaka, huyu mbona kama nilishamwona?" Nikamjibu kwamba majoka yote yanafanana.

Shaini wa kwanza kwenye foleni yake alikuwa fremu ya 16,942. Hiyo ni dakika 4 na sekunde 43 na kitu baada ya kuwasha. Alichohitaji ni kusimama mbele ya joka bila kufanya lolote kwa muda usiofika dakika tano, halafu abonyeze. Kile tulichokisifu kuwa ni uvumilivu, kuzima na kuwasha haraka haraka kwa majuma matano, ndicho kilichokuwa kinamzuia.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba njia ya haki ni kurudia hadi bahati ikufikie, namuuliza: bahati gani? Iko wapi? Ndani ya ile kaseti haimo. Kama ilikuwapo popote ilikuwa kwenye vidole, katika kutojua kidole kitatua fremu ipi. Mdogo wangu alishapata bahati hiyo mara moja, kwa Zigzagoon shaini aliyemkuta majanini kabla hajajua hata maana ya shaini. Ni kwa kurudi nyuma kutoka kwa Zigzagoon huyo ndipo nilipoipata ile namba yake iliyofichwa. Ilinichukua jioni tatu, na ndiyo sehemu ya kazi ninayojivunia zaidi, ingawa hakuna anayewahi kuniuliza habari zake.

Tena isidhaniwe kwamba ukishajua fremu umemaliza. Fremu moja ni kama sehemu 1 ya 60 ya sekunde. Kupepesa jicho kunachukua muda mrefu kuliko huo. Niliseti saa ya kuhesabu kwenye simu, nikabonyeza, nikakosa. Kujua nimekosa kwa kiasi gani, ilibidi nimkamate joka kwa Master Ball, nisome nguvu zake, nitafute ni wa fremu ipi, nizime bila kuhifadhi ili mpira urudi, nirekebishe saa, nianze tena dakika nne. Nilichelewa fremu 31. Nikawahi fremu 9. Nikachelewa 4. Nilianza saa tatu usiku na joka mweusi alitokea saa nane kasoro, na kidole gumba kilikuwa kimekufa ganzi.

Wapo wanaotumia vifaa vya kuchomeka kama Action Replay na kumwandika Pokémon moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya gemu. Hao na wanifunze wenyewe namna ya kujitetea. Mimi sikuandika kitu. Joka yule alikuwamo kwenye foleni tangu kaseti ilipotoka kiwandani na namba za mchezaji zilipowekwa. Huwezi kumtofautisha na aliyepatikana kwa kubahatisha, kwa sababu tofauti haipo. Msafiri anayejua ratiba ya treni hajaiba treni.

Hoja yao moja naiheshimu. Wanasema ukishajua, huwezi tena kutojua. Majani marefu yanabaki majani, hayana tena anayejificha. Ni kweli. Mimi mwenyewe siwezi kuicheza Emerald kama zamani, na kuna siku linaniuma. Mtu akichagua kutojua ili abaki na mshangao wake, sina ugomvi naye. Ila achague. Mdogo wangu hakuchagua kitu. Alikuwa anazunguka kwenye uwanja wa fremu 600 huku watu wazima wakimpongeza kwa moyo wake wa subira.

Na hapa ndipo ninapojishtaki. Asubuhi nilimpa gemu yake, joka mweusi akiwa ndani, na alipouliza nilimpataje nikasema, "Nilijaribu mara chache tu, nikabahatika."

Nilidanganya kwa sababu ilikuwa tamu. Alipiga kelele nyumba nzima ikaamka. Alikwenda nayo kwa majirani. Alisema kaka yake ana mkono wa bahati, na mimi nikauacha usemi huo ukae, miaka yote, kwa sababu ni nani asiyependa kuwa kaka wa namna hiyo? Kama kuna kitu niliiba ni hicho. Nilikuwa na karatasi sita za hesabu mezani, nikazikusanya kabla hajaamka.

Sasa yuko chuo. Mwaka jana alikuja kwangu na simu mkononi, amefungua mchezo mmoja wa kubeti, ule wa kindege kinachopaa huku namba ikipanda hadi kinapoondoka ghafla na hela ya aliyechelewa kujitoa. Nauli ya mwezi ilikuwa imekwisha humo. Alikuwa na daftari. Ameandika kindege kiliondoka kwenye ngapi, safu baada ya safu. Niliitambua ile mistari.

"Kaka, wewe una mkono," alisema. "Nichezee."

Ikabidi nimwambie ukweli wa Rayquaza. Nilidhani nitamwokoa. Alinisikiliza hadi mwisho, akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi na hiki kipigie hesabu."

Nikamweleza kwamba hesabu ya kindege haimo kwenye simu yake. Iko kwenye kompyuta ya wenyewe, namba ya kuanzia wanayo wao, na malipo yamepangwa ili mwisho wa safari sehemu ya fedha ibaki kwao hata kama hakuna anayemdanganya yeyote. Safu zake za namba hazitamwambia kindege kijacho kitaondoka lini. Nikamwambia wale wanaouza utabiri wa kindege mitandaoni wanauza hewa. Wangekuwa wanajua, wasingekuuzia wewe. Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayeweza kukusaidia na hataki.

"Hata Rayquaza ulinificha," alisema.

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana sina subira na wanaotaka gemu za zamani zibaki na fumbo lake. Fumbo halikubaki kwenye gemu za zamani. Limechukuliwa likawekwa bei. Japani mwaka 2012 wakala wa kulinda watumiaji ilitamka kwamba aina moja ya bahati nasibu za kwenye simu, ile ya kukusanya seti nzima ili upate zawadi kubwa, ni kinyume cha sheria. Ubelgiji mwaka 2018 ikasema masanduku ya kununua bila kujua kilichomo, yaliyomo katika baadhi ya gemu, ni kamari. Huku kwetu hakuna haja ya sanduku wala joka, kindege kinatosha. Kote huko namba inachorwa kwenye mashine ambayo hutaishika kamwe. Na wale wanaoniita mwizi kwa kuisoma kaseti ya mdogo wangu, kuhusu hayo sijawasikia wakipaza sauti. Kumbe kaseti ile ni moja ya vitu vichache ambavyo kijana anaweza kuviweka kiganjani, mashine nzima ya bahati, akaifuata hatua kwa hatua hadi aone mwenyewe kwamba ndani hakuna mtu.

Jumapili moja baada ya hapo nilimtolea zile karatasi sita. Sikuzitupa. Sikumwambia chochote kuhusu kindege. Nilimpa kalamu na kumwambia aanze na sifuri. Namba ya kwanza aliipata bila kufikiri, 24,691, akacheka kwamba ni rahisi. Ya pili ikampeleka kwenye kikokotoo, 3,917,380,458. Ya tatu kikokotoo cha simu kilikatiza tarakimu na kumwandikia E18, akakasirika, akaiweka simu kifudifudi mezani na kuanza kuzidisha kwa mkono kama tulivyofundishwa darasa la nne, tarakimu chini ya tarakimu. Alikosea mara mbili. Simu ilitetema, hakuigeuza. Ilikuwa karibu saa moja jioni alipoisukuma karatasi upande wangu, chini kabisa ameandika 1,383,151,765 na kuipigia mistari miwili.

"Ndiyo hii?" aliuliza.

Nikamwambia aangalie karatasi ya kwanza, mstari wa tatu.