MARADHI YANAJUA PA KUPIGA HODI

Yako maneno yanayopendwa kusemwa kila yanapoingia maradhi ya kuambukiza katika visiwa hivi: kwamba maradhi hayachagui tajiri wala maskini. Ni maneno matamu, na mwenye kuyasema huonekana mtu wa insafu. Sisi twasema si kweli, na kumbukumbu za mji wetu wenyewe zayakanusha.

Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja kikitokea bara kwa njia ya misafara, kikaua watu hadi mwaka wa pili wake. Daktari mmoja wa Kiskochi, James Christie, aliyekuwa akitibu hapa mjini, aliyaandika aliyoyaona katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1876. Mabingwa wa Ulaya walikuwa bado wakibishana juu ya asili ya maradhi hayo. Yeye alikwenda kutazama nani anakunywa maji gani. Akaona kwamba Mabaniani, ambao kwa ada ya dini yao hunywa maji ya visima vyao na kwa vyombo vyao, walisalimika kwa sehemu kubwa. Watumwa na mafakiri wa vibandani, waliokunywa maji yoyote waliyoyapata, ndio waliozikwa kwa wingi. Joto la mji lilikuwa moja kwa wote, na upepo mmoja.

Asije mtu akadhani jambo hili ni la Afrika peke yake. Hamburg, bandari tajiri ya Ujerumani, ilipoteza watu zaidi ya 8,000 kwa kipindupindu katika mwaka 1892. Altona, mji uliopakana nao, ulikunywa maji ya mto ule ule wa Elbe, lakini yaliyochujwa kwa mchanga, na maafa yake yalikuwa madogo mno. Kwa nini Hamburg haikuchuja? Kwa kuwa barazani mwao walikaa wenye majumba, nao kwa miaka mingi waliona uzito kutoa fedha.

Turudi kwetu. Septemba 2015 kipindupindu kilitufikia tena, na kufikia Aprili 2016 watu zaidi ya 3,000 walikuwa wameugua hapa Zanzibar. Wauza vyakula na vinywaji vya njiani wakapigwa marufuku. Hatukatai tahadhari, mwenye akili hawezi kuikataa. Lakini twauliza: yule mama wa juisi aliyefungiwa meza yake, je, alifunguliwa mfereji? Alinyimwa riziki ya siku, akarudishwa nyumbani kwenye kisima kifupi kilicho hatua chache na choo cha shimo, ambako mvua ya masika huchanganya vyote viwili. Mwenye uwezo ana tangi juu ya paa na pampu uani. Nasaha ya kuchemsha maji yeye huitimiza kwa kuwasha jiko la gesi. Mwenziwe huhesabu kwanza kama makaa yatatosha kwa maji na kwa chakula cha jioni. Kisha tunaambiwa kwamba watu hawana elimu ya usafi!

Hata kufa kwenyewe hakuko sawa. Mgonjwa wa kipindupindu akipewa mapema maji ya chumvi na sukari, au dripu kama amezidiwa, hafi ila chini ya mmoja katika mia. Kwa hiyo anayekufa ni yule aliyechelewa; na anayechelewa ni wa kijiji kisicho na gari usiku, au wa kisiwa kidogo kinachongoja mashua.

Wala hatusemi haya kwa chuki juu ya mwenye tangi. Tunasema kwamba fedha za maji zianzie kwenye mitaa iliyougua zaidi, wala zisianzie kwenye barabara wanazopita wageni. Na hesabu ya wagonjwa itangazwe kwa shehia, ili kila mtu aone maradhi yamekaa wapi.

Matawi yote yanaombwa kuandika kabla ya masika: mifereji mingapi ya mtaa inatoa maji, kwa saa ngapi, visima vingapi vimekaribiana na vyoo, na ndoo moja inauzwa kwa bei gani. Karatasi hizo ziletwe kwa katibu wa jimbo. Tutazichapa zote.