Mrabaha wa Redio Isiyo na Mnara
Kijana wa Kisarawe anayetaka kufungua redio hahitaji tena mnara. Kompyuta, kipaza sauti na bando vinatosha, na msikilizaji wa Kibaha Maili Moja atampata sawasawa na wa Muscat. Kisha zinaanza ada. Tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kila wimbo una mwenyewe wa kulipwa mrabaha. Sitetei kupiga muziki wa watu bure, maana msanii hupata kidogo tu: Januari 2022 COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, iligawa mirabaha ya shilingi milioni 312 kwa wasanii 1,123, wastani usiofika 280,000 kwa kichwa. Lakini mrabaha ukidaiwa kwa ada ya mkupuo, sawa kwa wote, humng'oa mdogo, mkubwa wala hashtuki. Marekani, viwango nafuu vya redio ndogo vilipokoma mwisho wa 2015, Live365, jukwaa lililobeba maelfu ya stesheni za mtandaoni, lilizimika Januari 2016, na mrabaha uliopitia humo ukakatika. Heri asilimia ya mapato: asiye na matangazo alipe kiduchu, ila awasilishe orodha ya nyimbo alizopiga. Hapo ndipo penye kazi (nani anapenda kujaza fomu?), maana bila orodha mpiga ngoma ya mdundiko wa Kisarawe hataonekana, na fedha zitafuata majina makubwa.