Mawe Haya Yana Wenyewe

Wako wanaotucheka kila tunapotaka safu hii izungumze juu ya mawe yawekwayo kabatini. Husema hiyo ni starehe ya matajiri, haimhusu mfanya kazi. Sisi hatukubali.

Katika kisiwa cha Shikoku, nchini Japani, palikuwa na mgodi uitwao Ichinokawa. Madini yake yalikuwa antimoni iliyoungana na kiberiti, ambayo watu wa pwani yetu waijua tangu zamani kwa jina la wanja wa manga. Antimoni ndiyo iliyotiwa katika risasi na bati ili kuzifanya ngumu herufi za kupigia chapa, na kwa hiyo magazeti ya dunia nzima yalikuwa na deni kwake kwa miaka mingi.

Lakini Ichinokawa haikutoa madini ya kuyeyushwa tu. Ndani ya matundu ya mwamba ziliota fuwele mfano wa panga, nyingine ndefu kuliko nusu mita, zenye kung'aa kama chuma kilichosuguliwa. Katika miaka ya 1880 zilisafirishwa kwenda Ulaya na Marekani, na leo atakaye kuona baadhi ya zilizo bora huzikuta London. Mgodi wenyewe ulifungwa mwaka 1957.

Haki isemwe: mkusanyaji aliyezinunua aliziokoa na tanuru. Fuwele hizo ni laini hata ukucha waweza kuzikwaruza, na moto wa mshumaa huziyeyusha. Mwanga nao huzififiza. Jamaa zao, zile za chuma na kiberiti, baadhi yake zikipata unyevu huoza na kutoa asidi, ikala kasha pamoja na karatasi ya maelezo. Kuzitunza ni kazi, si mchezo.

Tulalamikalo ni jingine. Juu ya karatasi ile huandikwa jina la mgodi, na mara nyingi jina la aliyenunua. Yule mchimbaji aliyeona tundu likifunguka mbele yake, akaizuia nyundo, akaitoa fuwele kwa mikono yake hali mwajiri ataka tani tu, hatajwi. Bila yeye kabati lingekuwa tupu.

Na kwetu je? Huko Mpanda risasi ilichimbwa katika miaka ya 1950, na reli ikajengwa kutoka Kaliua kuifuata. Risasi ikiungana na kiberiti hufanya fuwele za pembe mraba, mfano wa dado. Zilizopita katika visagio vya Mpanda, nani alizihesabu?

Twataka kila mgodi umlipe mchimbaji aletaye fuwele nzima, tena kwa bei ipitayo thamani ya madini yaliyomo. Jina lake liandikwe, akiridhia. Na zilizo bora zipelekwe kwanza mbele ya jumba la makumbusho la nchi, kabla ya kuuzwa ng'ambo. Mwenye mgodi atakayesema kuwa jambo hilo litachelewesha kazi, na atuambie ni kwa dakika ngapi.