Dawa Yenye Shabaha Yataka Maabara

Tiba ya saratani ingali inakabiliwa na swali gumu: vipi kuziua seli za uvimbe bila kuzidhuru zilizo na afya?

Katika eneo letu, Kampala ilitoa somo la mapema. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya uliowashika watoto wa Uganda. Kwa kuwa uvimbe huo hukua upesi mno, dawa zinazoshambulia seli zinazogawanyika ziliuyeyusha, na baadhi ya watoto walipona. Lakini dawa hizo hazibagui. Hudhuru pia uboho na mizizi ya nywele.

Imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 dhidi ya aina moja ya saratani ya damu, hulenga protini yenye kasoro ambayo seli zenye afya hazina. Humezwa kila siku, lakini sharti kwanza maabara ithibitishe kasoro hiyo.

Hapo ndipo penye fundo. Mgonjwa wa Kinanira, hapa Bujumbura, hatafaidika na dawa yenye shabaha ikiwa ugonjwa wake haukutambuliwa. Kwa miaka mingi Warundi wamevuka mipaka kutafuta tiba ya mionzi. Wasilazimike kuivuka hata kwa ajili ya kipimo. Twasisitiza: maabara na wataalamu wake wapewe nafasi ya kwanza.