MCHAGUA JEMBE NA MTIA MPINI



Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya neno lililogawanya shule katika mdahalo wa muhula uliopita. Neno lenyewe lilikuwa hili: "Chombo bora chashinda ustadi." Upande mmoja ulisema kwamba mwanafunzi asiye na vifaa vizuri hawezi kufaulu hata akikesha. Upande wa pili ulijibu kwa methali yetu, "Mchagua jembe si mkulima," ukapigiwa makofi mengi. Mimi nadhani pande zote mbili ziliacha jambo kubwa katikati. Nitalieleza kwa mfano wa mchezo ambao wengi wenu hamjauona, yaani kulenga shabaha kwa bastola ya upepo.

Mchezo huu niliujua Ujerumani, nilipokuwa huko masomoni. Kule hata mji mdogo huwa na chama cha kulenga shabaha, na jioni utawakuta seremala, karani na mwalimu wamesimama kwenye mstari mmoja. Chama kimoja kilinipokea, nikafundishwa kwa majira mawili ya baridi.

Kabla sijaendelea, wazazi wanisikie. Bastola ya upepo si kitu cha kuchezea, maana kirisasi chake chaweza kutoboa jicho. Ujerumani haiuzwi kwa mtu aliye chini ya miaka 18. Uingereza ni vivyo hivyo, na Scotland, tangu tarehe 31 Desemba 2016, hata mtu mzima lazima awe na kibali. Hapa kwetu nako silaha ni jambo la sheria. Simwambii mwanafunzi yeyote aitafute. Nataka tu tujifunze kutokana nayo, kama tunavyojifunza kutokana na simba bila kumfuga.

Ndani ya bastola ninayoisema hamna baruti. Mna springi nene na pistoni. Mpigaji huitega kwa nguvu za mkono wake, springi ikabanwa, na ndoano ndogo ikaizuia. Akivuta kifyatulio, springi huachiliwa, pistoni hukimbia ndani ya silinda, na hewa iliyomo hubanwa kwa ghafula ikakisukuma kirisasi chenye upana wa milimita 4.5. Sasa angalieni hila yake. Pistoni huanza kwenda kabla kirisasi hakijatoka mtutuni. Kwa hiyo bastola yote hushtuka, ikatikisika mbele na nyuma, na kirisasi kingali njiani. Namna mkono ulivyoishika ndiyo itakayoamua kirisasi kielekee wapi. Ukiibana sana mara hii na kuilegeza mara ya pili, utapata matundu mahali pawili, ingawa jicho lako lililenga mahali pamoja.

Vijana wengi wa kule, wakipata bastola ya namna hii, jambo la kwanza hutafuta springi ngumu zaidi. Wadhani nguvu ndiyo shabaha. Kumbe springi ngumu huzidisha mshtuko, huuchosha mkono unaotega, na hufanya kazi ya kulenga kuwa ngumu kuliko kwanza. Tena sheria ya Ujerumani yadai kibali kwa bastola inayozidi jouli 7.5. Na yote hayo ya nini? Shabaha iko umbali wa mita 10, nayo ni karatasi. Karatasi hutobolewa na nguvu ndogo sawasawa na inavyotobolewa na nguvu kubwa.

Mzee aliyekuwa fundi wa chama kile hakugusa springi isipokuwa kuipaka grisi kidogo ili isitetemeke. Mafuta mbele ya pistoni aliyakataza kabisa, kwa sababu hewa ikibanwa kwa ghafula hupata moto wa kutosha kuyawasha. Kazi yake kubwa ilikuwa kwenye mpini. Alinishikisha bastola, akatazama mahali kiganja kilipoacha nafasi, akajaza unga wa mbao uliochanganywa na gundi; mahali palipobana akapapunguza kwa tupa na msasa. Jioni tatu zilipita hivyo. Mwishowe nikifumba macho na kuishika, mkono ulikaa mahali palepale kila mara. Kisha akageuza skrubu ya kifyatulio hata kikawa chavutika bila kukwama. Hakukifanya chepesi mno; hata katika mashindano ya Olimpiki kifyatulio cha bastola hii lazima kihimili uzito wa gramu 500. Matengenezo yalikuwa hayo tu, na gharama yake ilikuwa gundi na karatasi ya msasa.

Baada ya hapo likaja zoezi. Juu ya mtutu, mbele, pana jino dogo la chuma, na nyuma pana pengo. Mpigaji huliweka jino katikati ya pengo, vichwa vikiwa sawa. Wanafunzi wangu wa hesabu, tieni akilini tarakimu hizi. Kutoka pengo hadi jino ni kama sentimita 30. Jino likipotoka milimita 1 tu, basi kwa mita 10 kirisasi kitapotoka milimita 33. Duara la alama 10 lina upana wa milimita 11.5. Kwa kosa la milimita 1 mkononi, umetoka katika 10 ukaangukia katika 6! Lakini mkono wote ukiyumba milimita 5, jino na pengo vikiwa bado sawa, kirisasi hupotoka milimita 5 zilezile tu. Ndiyo maana jicho hukazwa juu ya jino, si juu ya shabaha. Shabaha na iwe ukungu.

Kwa wiki kadha nililenga karatasi nyeupe isiyo na duara lolote, ili macho yasipate pa kutorokea. Nilivuta kifyatulio pole pole, nikabaki nimesimama vilevile hata baada ya mlio, nikihesabu moja, mbili, ndipo nikashusha mkono. Kila kirisasi kiliandikwa katika daftari. Wala haikuwezekana kujizoeza bila kirisasi, kwani pistoni ikikosa cha kuizuia hewa hugonga mwisho wa silinda na kujiharibu.

Mtu wa upande wa kwanza wa mdahalo ataniuliza, "Je, mafundi hawakutengeneza chombo kilicho bora?" Walitengeneza. Mwaka 1965 kiwanda cha Feinwerkbau, katika mji wa Oberndorf, kilitoa bastola ya springi ambayo mtutu na silinda yake huteleza nyuma juu ya reli, hata mshtuko usiufikie mkono. Siku hizi katika mashindano makubwa springi yenyewe imeachwa, hutumika hewa iliyoshindiliwa katika chupa ndogo. Sikatai faida yake. Lakini tangu mchezo huu ulipoingia katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, kila mpigaji hufika na chombo kizuri, na bado yuko wa kwanza na yuko wa mwisho.

Na mtu wa upande wa pili atanionyesha picha iliyozunguka dunia nzima mwaka 2024, ya Yusuf Dikeç wa Uturuki, mwenye miaka 51, amesimama katika Olimpiki ya Paris na mkono mmoja mfukoni, amevaa miwani ya kawaida, akapata medali ya fedha pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Watu walisema, "Tazameni, hana chombo chochote!" Nawaomba waitazame tena picha hiyo. Bastola aliyoishika ni ya mashindano, na mpini wake umechongwa kukifumbata kiganja. Aliacha mapambo, mpini hakuuacha.

Sasa nije nyumbani. Katika shule hii nimewaona wanafunzi wakimwandikia baba barua ya kuomba kikokotoo kipya, na baba akauza mbuzi, hali kile cha zamani kilikosa betri tu. Hao ndio watafutao springi ngumu. Nimewaona pia wakubwa wakisema, "Sisi tulisoma kwa taa ya kibatari," huku dawati lenye mguu uliovunjika likimtikisa mtoto anayeandika mtihani. Hao nao hukosea. Mizani ya maabara yetu ni ya zamani, lakini kabla ya kupima yaweza kurudishwa kwenye sifuri, nayo ikapima vema. Asiyeirudisha hupata jibu baya, kisha huilaumu Serikali.

Kwa hiyo nasema kwamba methali yetu ni ya kweli, ila tusiisome nusu. Mkulima hachagui jembe, lakini jembe alilopewa hulitia mpini unaomfaa, hukaza kabari yake, ndipo huenda shambani kila siku. Kuchagua ni kazi ya dukani, na kutia mpini ni sehemu ya ukulima.

Neno langu la mwisho ni la vitendo. Mwalimu Mkuu amekubali tufungue karakana kila Jumamosi asubuhi kuanzia muhula ujao. Msasa, gundi na misumari vipo. Mwenye dawati linalotikisika, jembe lililolegea au bikari isiyokaza na aje nalo, na mzazi aliye fundi akipata nafasi tutamshukuru. Tutaanza na madawati ya Kidato cha Kwanza.

Mwalimu wa Fizikia